Pawasaplai ya kompyuta ya mezani: anzia ukutani, wati baadaye

Jioni moja ya Novemba, mwanafunzi wa chuo kikuu aliniletea kasha la kompyuta juu ya pikipiki, amelifunga kwa kitenge cha mama yake lisilowe. “Yaya, umeme ulirudi, ikapiga pa! Kisha kimya.” Sikuhitaji bisibisi. Nilisogeza pua nyuma ya kasha, penye feni, nikasikia ile harufu ya samaki aliyeungua ambayo kila fundi anaijua: kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme, imepasuka. Pawasaplai ilikuwa imeandikwa 500W kwa herufi nyekundu, na nilipoitoa ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga. Haikufa peke yake. Ilikwenda na diski, na ndani ya diski kulikuwa na sura 3 za kazi yake ya kumaliza masomo.

Alikuwa amenunua kama wengi tunavyonunua hapa Lubumbashi: aliuliza “iko ya wati ngapi?”, akajibiwa 500, akalipa. Swali hilo lina nafasi yake, ila ni la pili au la tatu. La kwanza ni hili: ukuta wako unatoa umeme wa namna gani?

Pawasaplai, ambayo mafundi wa huku tumezoea kuiita alimantasio, ni lile sanduku la chuma ambalo waya wa ukutani unaingia. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa volti 220 unaokwenda na kurudi kuwa umeme wa volti 12, 5 na 3.3 uliotulia. Kila kitu ndani ya kompyuta kinakula kutoka kwake, kwa hiyo ikikosea, wote wanakosea pamoja.

Hatua ya 1: Pima ukuta kwa wiki nzima

Umeme wetu umepangiwa volti 220 na hezi 50. Sehemu ya unaofika Katanga hutoka kwenye mabwawa ya jirani kama Nzilo na Nseke, upande wa Kolwezi. Sehemu nyingine hutoka Inga, ng’ambo ya pili ya nchi, kwa laini ya kilomita 1,700 hivi iliyokamilika mwaka 1982. Safari ni ndefu na migodi inakunywa humo humo. Lakini mimi naogopa zaidi zile mita 200 za mwisho, kebo nyembamba ambayo nyumba 15 zimejiunga na kila nyumba ina resho lake, yaani jiko la umeme, la kupikia bukari (ugali).

Chukua multimita, hata ile ya njano ya bei ndogo, iweke kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi, kipimo cha 750 au 600, kisha ingiza ncha zake kwenye prizi, lile tundu la umeme la ukutani. Andika namba asubuhi, mchana, saa 1 na nusu usiku wakati watu wanapika, na usiku wa manane. Fanya hivyo siku 7. Kwangu, karakana iko Kampemba, nimeona 168 wakati wa chakula cha usiku na 243 saa 8 za usiku, prizi ile ile.

Sasa tazama lebo ya pawasaplai unayotaka kununua, mstari wa umeme unaoingia. Utakuta moja kati ya hali tatu.

Ya kwanza imeandikwa 100-240V bila kitufe chochote cha kubadilisha. Hii ndiyo ninayoitaka. Kwa kawaida ina saketi inayorekebisha namna inavyovuta mkondo, na saketi hiyo hiyo huipa uwezo wa kuendelea kufanya kazi volti zikishuka sana. Pawasaplai ya aina hii kwa kawaida huvumilia kuanzia volti 90 hadi 264. Kwa hiyo zile 168 za wakati wa kupika haziishtui.

Ya pili imeandikwa 200-240V au 220-240V tu. Inaweza kuwa nzuri kabisa mahali ambapo umeme umetulia. Kwetu itazima kila jioni, au itavuta mkondo mwingi hadi ichoke.

Ya tatu ina kitufe chekundu mgongoni, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ni muundo wa zamani. Kitufe kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha umeme mara mbili, kwa sababu ilitengenezwa kwa nchi kama Marekani. Chomeka hivyo kwenye 220 zetu na utasikia mlio kabla hujaondoa mkono. Mashine za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, kutoka Amerika huja mara nyingi zikiwa kwenye 115, na watoto hupenda kitufe chekundu. Kama umekwama na pawasaplai ya namna hiyo, kiweke kwenye 230 na ukifunike kwa utepe wa plastiki.

Volti zinaposhuka, mkondo unapanda. Mzigo wa wati 300 kwenye volti 230 unavuta kama ampea 1.3, kwenye volti 160 unavuta karibu 1.9. Ampea hizo za ziada ni joto ndani ya sanduku. Ndiyo maana huku sipendi kuona pawasaplai inabebeshwa zaidi ya theluthi mbili ya uwezo wake, hata kama Ulaya ingeweza kubeba zaidi bila kulalamika.

Kitu kingine cha ukutani. Umewahi kugusa kasha la kompyuta ukiwa miguu wazi kwenye simenti, ukahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni? Wengi huniambia “mashine inapiga, pawasaplai ni mbovu”. Kwa kawaida si mbovu. Ndani kuna kichujio chenye kapasita 2 ndogo zinazounganisha nyaya zote mbili za umeme na mwili wa chuma, zikitegemea waya wa ardhi upeleke mabaki chini. Nyumba isiyo na waya wa ardhi inaliacha kasha likiwa na karibu nusu ya volti za ukutani, ingawa mkondo wake ni mdogo mno. Dawa ni fimbo ya shaba iliyochimbiwa na waya wa njano na kijani hadi kwenye prizi, kazi ya nusu siku kwa fundi umeme. Kukata pini ya ardhi ili plagi iingie kwenye ralonji (waya wa kurefushia) ya matundu mawili si dawa. Umeitupa kinga ambayo kichujio na kizuia radi vinaitegemea.

Hatua ya 2: Hesabu mzigo wako

Hapa watu hujisumbua zaidi ya inavyohitajika. Walaji wakubwa ni wawili: prosesa na kadi ya picha. Vilivyobaki, yaani mazabodi (bodi kuu), kumbukumbu, diski na feni, vihesabie wati 50 na maisha yaendelee.

Mashine ya kuandikia, kuprinti na kupiga hesabu, isiyo na kadi ya picha: chukua prosesa kama Core i5-12400. Kwenye sanduku imeandikwa wati 65, lakini Intel wenyewe wanasema ikikimbia inafika 117. Hesabu 117. Ongeza 50, unapata 167. Pawasaplai ya wati 350 za kweli inatosha na inabaki na pumzi.

Mashine ya kuhariri video za harusi au ya mchezo, yenye RTX 3060: kadi ni wati 170, prosesa 117, vingine 50, jumla 337. Nvidia wanashauri pawasaplai ya 550 kwa kadi hiyo, nami nakubaliana nao. Kadi za kisasa huruka kwa kufumba na kufumbua, zikivuta zaidi ya kiwango chao kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Pawasaplai isiyo na nafasi huliona ruko hilo kama hitilafu na kuzima. Mteja anasema “inazima nikianza tu mchezo, kazini haizimi.” Ni hilo.

Usizidishe pia. Mtu aliyenunua ya 850 kwa mashine ya kuandikia barua ametupa pesa ambazo zingemnunulia UPS, lile sanduku la betri linaloishikilia mashine umeme ukikatika.

Hatua ya 3: Isome lebo, kisha ipime kwa mkono

Hapa ndipo nakuomba usimame muda mrefu, maana ndipo tunapoliwa.

Ubavuni mwa kila pawasaplai kuna jedwali. Juu yake kuna volti: +3.3V, +5V, +12V, -12V, +5VSB. Chini ya kila moja kuna ampea. Zama za zamani kompyuta zilikula sana kwenye volti 5. Leo prosesa na kadi ya picha vyote vinakula kwenye 12. Kwa hiyo weka kidole kwenye +12V, soma ampea, zidisha kwa 12. Jibu ndilo wati zako halisi.

Ile ya mwanafunzi ilikuwa na +12V 16A. Kumi na sita mara 12 ni 192. Zile 500 zilitoka wapi? Zilijazwa na ampea za volti 5 na 3.3 ambazo mashine yake isingezitumia kamwe. Pawasaplai ya 550 iliyo ya kweli itakuonyesha ampea 45 hivi kwenye 12, yaani wati 540. Kukiwa na mistari miwili, 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea tu. Tafuta wati za pamoja zilizoandikwa chini yake. Ukikuta neno la Kiingereza linalosema “peak” karibu na namba kubwa, jua kwamba hicho ni kilele cha muda mfupi, si mzigo wa kutwa.

Lebo ni karatasi, na karatasi inavumilia kila kitu. Ndiyo maana tunapima kwa mkono. Ndani ya pawasaplai njema kuna transfoma, koili za shaba, vipande vya alumini vya kupoza na kapasita nene. Vyote ni vizito. Ya wati 500 iliyo ya kweli hufika kilo moja na nusu au zaidi. Ile ya ujanja haifiki hata kilo moja. Siku moja, kwenye duka ambalo sitalitaja, muuzaji aliniapia kuwa yake “iko orijino kabisa”. Nilimwomba mama muuza unga wa mahindi wa mlango wa pili aniazime mzani wake. Tuliweka mbili, ya kwake na nyingine niliyokuja nayo mkobani, zote zimeandikwa 500. Yake: gramu 720. Yangu: kilo 1 na gramu 680. Mama yule alicheka, akasema, “Hii moja hawakujaza debe.” Muuzaji hakucheka.

Chungulia pia kupitia matundu ya feni kwa tochi ya simu. Karibu na mahali waya wa ukutani unapoingia panapaswa kuwa na koili na kapasita ndogo za kichujio. Ukiona nafasi za vipuri zimechorwa kwenye bodi lakini vyenyewe havipo, mahali pake pameunganishwa kipande cha waya, rudisha. Na shika nyaya: kwenye waya zilizoandikwa vipimo, 18AWG ni nene kuliko 20AWG, maana namba ikipanda waya unapungua.

Sasa nembo ya 80 PLUS. Mpango huu ulianza Marekani mwaka 2004, na unapima hasa jambo hili: kati ya wati zinazotoka ukutani, ngapi zinafika kwenye kompyuta na ngapi zinageuka joto. Ya kawaida hufikisha asilimia 80. Juu yake kuna Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Ya Gold, kwenye kipimo cha volti 115, hufikisha 90 ikiwa na nusu ya mzigo. Nembo haisemi lolote kuhusu radi wala umeme unaokatika, na vipimo vyake hufanyika kwenye joto la nyuzi 23. Oktoba yetu chini ya bati haiko hivyo.

Je, ufanisi una faida kwa mtu anayelipa umeme kidogo? Una faida kubwa kama unatumia betri. Tuseme una betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Ni Wh (wati-saa) 1,200, lakini betri ya asidi hupaswi kuitoa zaidi ya nusu, kwa hiyo 600. Inveta, inayougeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, inakula zake, zinabaki kama 510. Kompyuta yako ikihitaji wati 100, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 90 inavuta 111 na unafanya kazi saa 4 na dakika 35. Yenye ufanisi wa 70 inavuta 143 na unazimikiwa baada ya saa 3 na nusu hivi. Saa moja nzima ya kazi, kila siku ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Kwa hesabu hiyo mimi huchukua Bronze kwa mashine ya kawaida, na Gold kwa yule anayeishi kwa sola.

Hatua ya 4: Vichwa vya nyaya na ukubwa

Kasha la kawaida linapokea ATX, umbo la kawaida la pawasaplai za mezani, yenye upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Urefu hubadilika, pima nafasi. Makasha madogo hutaka SFX au TFX, maumbo madogo zaidi.

Mazabodi ya kawaida inataka kichwa cha pini 24 na kingine cha pini 4 au 8 kwa ajili ya prosesa. Kadi ya picha inaweza kutaka cha pini 6, kinachobeba wati 75, au cha pini 8, kinachobeba 150. Kichwa cha 8 cha prosesa na cha 8 cha kadi vinafanana kwa mbali lakini nguzo zake zimepishana. Kikikataa kuingia, kinakuambia ukweli, usikisukume. Na kama pawasaplai ina nyaya za kuchomoa, usichukue waya wa kampuni nyingine eti kwa sababu umeingia. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na nimeona diski 2 zikizikwa siku moja kwa kosa hilo.

Onyo la pekee kwa wanaonunua mashine za ofisi za okazio kutoka Ulaya. Aina nyingi za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre hazitumii pini 24. Dell 7020 na 9020, kwa mfano, zina kichwa cha pini 8. Pawasaplai ya ATX haiingii bila adapta, na mara nyingi hata umbo halikai. Kabla hujainunua mashine, fungua ubavu na uhesabu pini. Lakini kuna heri: pawasaplai za asili za mashine hizo huwa imara. Iliyotumika ya wati 240 kutoka mashine kama hiyo naiamini kuliko mpya ya “600” yenye uzito wa mkate.

Hatua ya 5: Kinga, stabilizatere na UPS

Kwenye karatasi ya maelezo tafuta herufi OVP, UVP, OCP, OPP, SCP na OTP. Ni kinga za volti kupanda, kushuka, mkondo kuzidi, mzigo kuzidi, nyaya kugusana na joto. OVP na SCP zikikosekana, acha. Ndizo ambazo zingeokoa diski ya yule mwanafunzi.

Umeme ukikatika ghafla, kapasita kubwa ya pawasaplai huishikilia kompyuta kwa muda mfupi sana. Kipimo cha ATX kimezoea kuuweka kwenye milisekunde 16 au 17. Mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50 ni milisekunde 20, kwa hiyo hapo tunazungumzia chini ya mzunguko mmoja. UPS ya kawaida huhitaji kati ya milisekunde 4 na 10 kuhamia kwenye betri. Pawasaplai njema inavuka daraja hilo bila kujikwaa. Ya ujanja, yenye kapasita ndogo, inazima wakati UPS ndiyo kwanza inahamia kwenye betri, na mtu anailaumu UPS.

Stabilizatere (kituliza volti) inayolia tak-tak usiku kucha inafanya hivyo hivyo, kila tak ni pengo dogo. Kama pawasaplai yako ni ya 100-240V, sikushauri ununue stabilizatere kwa ajili ya kompyuta. Pesa hiyo iweke kwenye UPS yenye kizuia radi, kwa maana kuanzia Novemba hadi Machi mbingu za Katanga hazina utani. Ila usisahau kwamba VA si wati: UPS ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390 tu. Na UPS au inveta rahisi zinazotoa umeme wa ngazi ngazi hazipatani na kila pawasaplai ya kisasa. Nyingine hunguruma, nyingine huzima. Jaribu kabla hujalipa, kwa kuchomoa UPS ukutani mashine ikiwa kazini.

Hatua ya 6: Kuijaribu na kuifunga

Kabla ya kuifunga kwenye kasha, chukua kipande cha waya, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwenye kichwa cha pini 24, ndipo uchomeke ukutani. Nyaya zikiwa nyeusi zote, wa kuwasha ni pini ya 16. Feni itazunguka, ingawa nyingine hukaa kimya hadi zipate joto. Chomeka diski moja ya zamani iwe mzigo, kisha pima waya wa njano: kati ya volti 11.40 na 12.60. Mwekundu: 4.75 hadi 5.25. Rangi ya chungwa: 3.14 hadi 3.46. Namba ikitembea-tembea ukiitazama, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Usifungue sanduku lenyewe. Umeme wa 220 ukishanyooshwa unafika kama volti 310 ndani ya kapasita kubwa, na unaweza kubaki humo dakika kadhaa baada ya kuchomoa.

Wakati wa kuifunga, feni itazame chini kama kasha lina matundu na kichujio chini, na kasha lisikae moja kwa moja kwenye sakafu. Vumbi jekundu la Julai linapita popote. Kwangu matofali 2 yanatosha. Kila mwezi wa kiangazi chomoa plagi, ishike feni kwa kidole isizunguke, kisha sugua kwa brashi laini ya rangi.

Na umeme ukikatika, bonyeza kitufe cha nyuma kiwe kwenye 0. Ukirudi, subiri dakika 5, hadi majokofu ya mtaa mzima yamalize kuamka.

Mwanafunzi yule nilimfungia ya 450, Bronze, 100-240V, ampea 36 kwenye 12. Tulipima pamoja saa 1 na nusu usiku, ukuta ukiwa 171. Waya wa njano ulisoma 12.06 na haukutikisika.